Tupeane uzoefu: kupata mkopo wa gari Marekani huku unaishi kwa hela ya ulemavu (SSDI/SSI)

Habari zenu wapendwa, naanza mimi halafu nanyi mmwage yenu maana najua humu tuko wengi. Figo zilinigomea, nasafishwa damu mara 3 kwa wiki, kazi nikaacha na sasa naishi kwa SSDI tu (hela ya ulemavu ya waliowahi kufanya kazi na kuchangia). Karibu miaka miwili nimeishi kwa kuomba lifti, na mwenye lifti akichelewa mimi ndo ninayekosa muda wangu kwenye mashine, sio yeye. Nikasema basi, natafuta gari hata kama ni kuukuu. Muuzaji wa kwanza akapitia fomu, alipofika kwenye jina la mwajiri akakuta nimeandika sina, akasukuma karatasi pembeni akaniambia hawakopeshi mtu asiye na ajira. Nilitoka pale kama mtu aliyefumaniwa anaiba.

Nimekuja kujua baadae kuwa kuna sheria ya mikopo ya mwaka 1974, ikaongezewa nguvu 1976, inamkataza mkopeshaji kukubagua eti kwa sababu kipato chako kinatoka kwenye mpango wa serikali. Anaruhusiwa kuangalia inaingia shilingi ngapi, ina dalili ya kuendelea kuingia au la, na madeni mengine unayo kiasi gani, hayo ni haki yake. Lakini kukukataa kisa tu hela inatoka Social Security (hifadhi ya jamii ya serikali) na sio kwa bosi, hapana. Na ukishapeleka maombi yaliyokamilika anatakiwa akujibu ndani ya siku 30, na akikunyima una haki ya kupewa sababu. Mimi siku ile sikuomba sababu, mpaka leo inaniuma.

Mara ya pili nilienda krediti yunioni (kwa wasiojua, ni kama saccos), nimebeba ile barua ya Social Security inayoonyesha unalipwa kiasi gani kwa mwezi, unaipakua bure kwenye akaunti yako ya mtandaoni, pamoja na taarifa za benki za miezi 6 zinazoonyesha hela inaingia kila mwezi bila kukosa. Dada wa pale hakuniuliza naumwa nini hata mara moja. Wakanipa, pungufu ya nilichoomba ila gari nimepata. Haya karibuni.

mama_mapacha
Pole sana dada yangu na hongera. Mimi yangu ni ya kuumia. Mkopo nilipata siku hiyohiyo, palepale kwa muuza magari, kwa furaha sikuuliza riba ni asilimia ngapi, niliambiwa tu "utalipa 305 kwa mwezi" nikaona naweza. Dola 12,000 miaka 5. Nyumbani mwanangu akapiga hesabu, riba ilikuwa 18, yaani mpaka namaliza ningekuwa nimelipa zaidi ya 18,000! Mkopo huohuo kwa riba ya 7 ungekuwa kama 238 kwa mwezi, jumla 14,250 na kitu. Hiyo tofauti ya elfu 4 kwa mtu wa kipato kama chetu ni miezi mingapi ya maisha? Nimelipa bila kuchelewa mwaka mzima ndo benki nyingine ikakubali kuununua ule mkopo kwa riba nafuu. Kwahiyo wapendwa msikubali kuongeleshwa malipo ya mwezi peke yake, ulizeni riba, ulizeni jumla. Na pelekeni maombi sehemu 3 au 4 ndani ya wiki 2, kwenye alama zako za mkopo (zile wakopeshaji wanazotumia kupima kama unalipa vizuri) yanahesabiwa kama ombi moja tu, msiogope kulinganisha.

kaka_wa_kiti
Nyie wa SSDI mna nafuu, sisi wa SSI (hela ya wenye ulemavu na wazee wasio na kipato cha maana) kuna mtego mwingine kabisa. Huruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000 (mke na mume 3,000), sasa mtu unadunduliza kianzio cha gari roho mkononi, ukivuka tu mwezi ukianza hela yako inasimama. Gari lenyewe halihesabiwi, moja la kukutembeza wewe au familia halina shida hata liwe la bei gani. Mkopo nao hauhesabiwi kama kipato kwa kuwa utarudisha, ila ukibaki kwenye akaunti yako mpaka mwezi unaofuata unageuka akiba, kwahiyo ni bora mkopeshaji amlipe muuzaji moja kwa moja.

Kilichoniokoa ni akaunti ya ABLE, ni akaunti maalum ya akiba kwa watu wenye ulemavu. Zamani ilikuwa kwa walioanza ulemavu kabla ya miaka 26, mimi niliumia mgongo nikiwa na 31 nikawa nimeachwa nje. Tangu Januari 2026 umri umepanda mpaka kabla ya 46, nikafungua mwezi huohuo. Unaweka humo hata kianzio kikubwa na SSI haiguswi mpaka izidi 100,000. Nilikaa miaka mingi naogopa kuweka akiba, kuona salio linapanda bila hofu ilikuwa kitu kigeni kwangu.

shangazi_mpole
Naomba kuuliza wanangu, mpwa wangu anataka kunisaidia marejesho ya gari na mimi niko SSI, itaniletea shida?

kaka_wa_kiti
Shikamoo shangazi. Akikupa taslimu mkononi inahesabiwa kipato na watakupunguzia. Akilipa yeye moja kwa moja kwa mkopeshaji haihesabiwi, maana sio hela ya kodi ya nyumba. Mwambie asikupitishie kwenye akaunti yako hata siku moja, na risiti atunze.

shangazi_mpole
Marahaba mwanangu, nimeelewa. Na akiwa mdhamini?

mama_mapacha
Shangazi hapo mkae chini muongee kwanza. Mdhamini anashusha riba kweli, lakini ukichelewa mwezi mmoja jina lake linachafuka pamoja na lako, na ukishindwa kabisa deni lote ni lake.

mtoa mada
Asanteni jamani. Naongeza moja, kabla hujasaini ulizia kwanza bima ya hilo gari ni kiasi gani, maana gari likiwa la mkopo wanataka bima kubwa, mimi yangu ilikaribia nusu ya rejesho na nilikuwa sijaipigia hesabu. Ilibidi nibadilishe nichukue gari la miaka ya nyuma zaidi. Jumatatu nimeenda kliniki nimeendesha mwenyewe, nimefika nusu saa kabla ya muda, nikakaa ndani ya gari nikalia kidogo halafu nikaingia.