Kengele ya makopo ya soda: kuna mkondo unapita hapo au hakuna?

dogo_igoma: Wakuu habari za jioni, naomba kueleweshwa. Nipo form three hapa Igoma, Mwanza, tumeunda kengele ya makopo mawili ya soda, kile kidude cha kufungulia kopo tumekining'iniza kwa uzi katikati, kopo moja waya wake umeenda kwenye foili tuliyobandika kwenye kioo cha tv ya chogo, lingine tumelifunga kwenye bomba la chuma. Ukiwasha tv kidude kinagonga huku na huku kama kichaa, baadae kinapoa, ukizima kinaanza tena. Sasa mwenzangu anasema hakuna mkondo maana saketi iko wazi, katikati hewa tupu, na mita upande wa ampia inasoma 0. Mimi nasema upo ila nashindwa kumthibitishia.

fundi_nyakato: Dogo upo sahihi. Mkondo ni chaji ngapi zinapita kwa sekunde, basi, hakuna aliyesema lazima zipite kwenye waya. Pale Kamanga hakuna daraja na watu wanavuka kila siku kwa kivuko. Kidude chako ndo kivuko, kinagusa kopo la tv kinabeba chaji, chaji za aina moja zinasukumana kwahiyo kinatupwa upande wa pili, kinashusha, kinarudi. Kinapoa kwa sababu foili haigusi umeme wa ndani ya tv, kuna kioo katikati, ukiwasha chaji zinasukumwa mara moja zikishatulia mchezo umeisha, ukizima zinarudi zilikotoka.

mwl_pasiansi: Naongezea hesabu. Tuseme kidude kinabeba chaji ya nanokulombi 2 (kulombi ndo kipimo cha chaji, nano ni sehemu moja ya bilioni) kila kikienda, na kinaenda mara 10 kwa sekunde. Hiyo ni nanokulombi 20 kwa sekunde yaani nanoampia 20. Ile mita ya njano ya bei rahisi hatua yake ndogo kwenye ampia ni maikroampia 1 hivi, ambayo ni nanoampia 1000, sasa itaona nini? Na hili la chaji iliyobebwa kuwa mkondo kabisa lilishapimwa zamani, Mmarekani Henry Rowland mwaka 1876 akiwa Berlin alizungusha sahani yenye chaji kwa kasi, sindano ya sumaku iliyokuwa karibu ikacheza. Hakuna waya uliopitisha kitu pale, ni sahani tu inazunguka na chaji zake, lakini sumaku ikatokea kama ya mkondo wa kawaida.

dogo_igoma: Aisee shukrani sana mwalimu. Kwahiyo kwa mita yetu haiwezekani kabisa?

mwl_pasiansi: Inawezekana, iweke upande wa VOLTI, ile 200m ya DC. Mita nyingi za bei rahisi zina ukinzani wa ndani megaomu 1, nanoampia 20 ikipita humo unapata milivolti 20, unaziona kabisa zikicheza. Kama yako ni ya megaomu 10 utapata milivolti 200, hapo panda kwenye volti 2. Funga kati ya kopo la pili na bomba, usije ukaiweka upande wa tv utaiua. Na fanyeni mchana jua likiwa kali, asubuhi hewa ina unyevu chaji zinavujia kwenye uzi.

kirumba_boy: Kengele kama hiyo si ndo Benjamin Franklin, yule mwanasayansi wa Marekani, aliifunga nyumbani kwake Philadelphia 1752 kwenye fimbo ya radi, wingu likija inalia yenyewe? Nataka niijaribu kwenye nguzo ya antena 😂

fundi_nyakato: Wee thubutu. Kwa radi za ziwa hili tutakuja kukuzika. Bakini na tv, na kifuniko cha nyuma msikifungue hata ikiwa imezimwa, ndani mule kuna volti zaidi ya elfu 20 na zinakaa.

dogo_igoma: Sawa kaka, kesho mchana tunajaribu na mita.