Mrejesho: kadi ya bima ya mume wangu imefunguka

Ndugu zangu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliwauliza: mume wangu ni mtumishi wa halmashauri, kila mwezi anakatwa 3% ya mshahara, mwajiri naye anachangia 3%, mbona mtoto alipougua, dirishani hospitalini wakasema kadi haisomi? Kumbe NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, hawakuwa na kosa. Mwajiri alikuwa hajawasilisha michango.

Mliniambia kikao cha Baraza la Madiwani ni cha wazi, nikaenda. Nilibeba hati za mshahara za miezi minne kwenye bahasha ya kaki, imelowa jasho la viganja. Karibu saa mbili zikaishia kwenye vibali vya ujenzi: madiwani wanataka msingi wa nyumba ukaguliwe kabla zege halijamwagwa. Hilo naliunga mkono kabisa, maana mtaani kwetu ukuta umeshawahi kuangukia watu.

Ndipo diwani wetu akasimama, akasoma zile hati mstari kwa mstari. Ukumbi ukatulia. Mkurugenzi wa halmashauri akaahidi kulimaliza ndani ya siku saba. Siku ya tano kadi ikasoma.

Sh 86,000 nilizolipa taslimu kwa matibabu ya mtoto kadi ilipogoma bado hazijarudishwa. Barua nimeipeleka masjala, nakala ina muhuri. Asanteni sana.