Mgeni wa Mikindani na Msimbati: alazimishwe kuchukua mwongozaji?

Mpwani wa Shangani: Wadau, salaam. Kuna hoja inazunguka hapa Mtwara kwamba mgeni asitembee Mikindani wala Msimbati bila mwongozaji wa hapo hapo, na malipo yagawanywe na kijiji. Naunga mkono. Mgeni anakuja na maji yake ya chupa, anapiga picha, anaondoka. Kijiji kinabaki na chupa.

Bwana Ramani: Napinga. Unapanda daladala Mtwara mjini, unashuka Mikindani, Boma la Wajerumani lile pale, jeupe. La 1905 kama sikosei. Nyumba yenye kibao cha Livingstone iko chini huko. Mwongozaji wa nini? Njaa tu hizo.

Dada Korosho: 1895, siyo 1905. Na hiyo "njaa" irudishe mdomoni. Mtu wa Dar hata bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, hulijui: unatokea saa nne asubuhi na kaptula ya kuogelea, unakuta tope na mashua zimelala ubavu.

Bwana Ramani: Bamvua ni mwezi mpevu, nani asiyejua? Siku nyingine maji yapo tu.

Nahodha Mstaafu: Nusu umepata, kijana. Bamvua ni mara mbili kwa mwezi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na nguvu yake huja siku moja mbili baadaye. Siku hizo maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, hujaa karibu saa kumi jioni, na tofauti inapita mita tatu. Kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi, ndiyo maana baada ya wiki mambo yamegeuka: maji mafu, yanajaa asubuhi lakini kidogo. Anayetaka kuogelea ghuba ya Mikindani siku za bamvua aende alasiri. Anayetaka kuona akina mama wakitafuta pweza mwambani, aende asubuhi hiyo hiyo ya tope.

Bwana Ramani: Shikamoo mzee. Lakini hayo yote yamo kwenye simu.

Dada Korosho: Simu yako inajua gari linakwama wapi kati ya Msimbati na Ruvula? Watu wanaingia mchanga ule na tairi zimejaa upepo kama za lami, likianza kuzama wanakanyaga mafuta, linakaa kwa tumbo. Teremsha upepo kutoka psi 35 hadi 18 hivi kabla ya mchanga, nenda mwendo mmoja, usifunge breki ghafla. Na pampu uwe nayo, lami inakusubiri wakati wa kurudi.

Mwana wa Newala: Mnabishana maji na tairi, hatari iko kwenye ngoma. Mgeni akisikia ngoma anaifuata na kamera. Sindimba ya sherehe, omba kwanza, utapiga picha. Kambi ya jando au unyago usiisogelee. Mapiko, mchezaji wa ngoma aliyevaa kinyago, likicheza, usiulize nani yumo ndani. Na anayekuuzia "kinyago cha mapiko" cha mpingo anakudanganya, cha kuchezea huchongwa kwa mti mwepesi, kichwa kitabeba gogo?

Bwana Ramani: Sasa mpingo nao una mwongozaji?

Mwana wa Newala: Ungekuwa naye usingeuziwa mti uliopakwa kiwi. Mpingo ukitiwa ndoo ya maji unazama. Kwangua chini ya kitako uone rangi ya ndani.

Mpwani wa Shangani: Jamani, mada ni malipo ya kijiji.

Bwana Ramani: Nalipia maarifa, sikatai. Ninachokataa ni *kulazimishwa*. Mwambani naingia mwenyewe na kandambili zangu.

Nahodha Mstaafu: Kandambili! Vaa viatu vya kufunga, na mguu uuburute, usiuinue, ili taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani akusikie akimbie. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nusu saa hadi saa na nusu, kisha hospitali. Maji hayo ya moto utayapata kwa nani huko Ruvula kama hukutaka kujuana na mtu?