Nachora Nairobi kwa mwiko na fila: watu niwaweke wapi?

mwiko_na_rangi

Habari zenu wadau. Naomba mawazo yenu, mnaochora na hata msiochora ila mnatembea mjini kila siku.

Kwa miaka minne nimekuwa nikichora Nairobi kwa mwiko mdogo wa fundi. Brashi naitumia kwa nadra. Napaka rangi nzito, tabaka juu ya tabaka, halafu nakwangua. Humo natia mchanga, vipande vya magazeti, wakati mwingine neti ya gunia la vitunguu. Ninaporudi kila mara ni River Road, Kirinyaga Road na ule mteremko unaotoka Tom Mboya. KICC, lile jengo refu la mikutano, siigusi; limesimama pale tangu 1973 na limechorwa vya kutosha. Mimi nataka mji ulio usawa wa kifua cha mtu: milango ya chuma, ngazi za kupandia ghorofani, nyaya za stima zilizosokotana, mabati ya vibanda, matangazo ya waganga yaliyobandikwa, yakachanwa, yakabandikwa tena.

Wiki mbili zilizopita nilipeleka picha tatu mahali fulani zinapoonyeshwa kazi za sanaa. Aliyezitazama alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kuta nzuri. Lakini Nairobi bila watu ni Nairobi gani?" Nilirudi na matatu ya Kayole nimezipakata picha zangu, na neno lile mpaka leo halijanitoka. Mimi nachora kwa sababu ya watu. Mama yangu alikuwa anaamka saa tisa usiku kwenda soko la Marikiti kuchukua nyanya na sukuma, na mara yangu ya kwanza kuuona mji niliuona gizani, nimeshika pindo la leso yake, mikokoteni ikitupita kwa mbio. Sijawahi kukusudia kuchora mji mtupu.

Nimejaribu kuwaongeza. Nikiwaweka kwa ncha ya mwiko wanakuwa kama siafu. Nikiwachora kwa brashi wakatoka vizuri, wanaonekana wamebandikwa juu ya ukuta, si watu wa pale. Nyinyi mngefanyaje?

La pili ni la ufundi: picha mbili kati ya hizo tatu zimeingia nyufa. Natumia fila ya ukutani, ule uji mzito wa kuziba na kulainisha ukuta kabla ya rangi, juu ya kitambaa cha marekani.

---

fundi_wa_umoja

Dada, nianze na nyufa maana hilo nalijua. Fila ni ya ukuta, na ukuta hautikisiki. Kitambaa kinalegea, kinavutika, ukikibeba kwenye matatu kinapigwa na goti la mtu. Fila haina mahali pa kwenda ila kupasuka. Chukua plaiwudi, ugundishe hiyo marekani juu yake, ndipo upake fila. Paka nyembamba, iache ikauke kabisa, upige msasa kidogo, upake tena. Ukirundika yote siku moja, juu patakauka na ndani pakiwa bado pabichi, na hapo ufa ni lazima. Mchanga wa mto uoshe mpaka maji yatoke safi, la sivyo udongo utakula gundi. Na tafadhali, usipake rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta. Itabanduka tu, hata ukiipaka kwa upendo.

Sasa hao watu. Nimepaka rangi kwenye ploti, hizi nyumba za kupangisha, miaka 19. Nikiingia nyumba iliyohamwa, najua nani alikaa humo kabla sijaambiwa. Natazama kando ya swichi: pana weusi wa vidole, na kama kuna weusi mwingine chini yake kidogo, palikuwa na mtoto ambaye ndio kwanza alianza kufikia. Natazama ngazi. Unajua kwa nini kuta za ngazi tunazipaka rangi ya mafuta nusu ya chini, na ya juu rangi ya maji? Kwa sababu chini ndipo watu wanapita na mitungi ya maji, magodoro, viwiko, na ya mafuta inaoshika. Hata hivyo haioshiki yote. Pale kwenye kona ya ghorofa ya pili, ambapo kila mtu anapumzisha mtungi, plasta huwa imelika kama sabuni.

Hao ndio watu wako. Kwangua pale walipokwangua wao, usikwangue ovyo. Ukuta ulioguswa hauchakai sawasawa.

---

msomaji_wa_ngara

Naunga mkono. Tazama kazi za Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi. Yeye huchora kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kutoka Uganda, ambacho Waganda huvishia maiti. Lina matundu na mishono, naye haifichi, anaiacha iingie kwenye picha. Kwa hiyo kabla hata hajaweka rangi, kitu kile kimeshatoka mahali fulani na kina kazi yake kwa watu. Neti yako ya vitunguu ni hivyo hivyo. Isizikwe yote.

Jambo dogo: picha ya mikwaruzo ikimulikwa kwa mbele, mikwaruzo inakufa. Iweke karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavuni, kama jua la saa kumi na moja jioni linavyopiga mabati.

---

hamali_muthurwa

Mimi sikubaliani na hao wawili, kwa heshima. Nabeba mizigo soko la Muthurwa. Alama za mabega yangu ziko kwenye nguzo nyingi za mji huu, ni kweli. Lakini na uso ninao. Watu wa mji wanatupita kila siku bila kututazama, halafu na kwenye picha tuwe weusi wa ukutani? Mama yako aliyekuwa anaamka saa tisa, utamchora kama doa kando ya swichi? Mweke mtu, dada. Hata mmoja.

---

mwiko_na_rangi

Asanteni nyote. Fundi, plaiwudi nimenunua, na marekani nimeigundisha jana.

Hamali, jibu lako nililisoma mara tatu, na lile la mama lilinifanya niweke simu chini. Leo nimefanya kitu ambacho sikuwa nimewahi. Badala ya kujenga ukuta kisha nitafute pa kumweka mtu, nimemchora mama kwanza, mzima, kwa brashi: leso, kikapu kichwani, mkono ulioshika kikapu. Nilipomaliza nikaujenga ukuta juu yake, fila na rangi, tabaka tatu nyembamba. Kisha nikaanza kukwangua pale ambapo bega lingegusa, pale ambapo mkono ungeshika. Umetoka mkono. Imetoka nusu ya uso, jicho moja na shavu. Leso bado iko chini na sijaamua kama niifikie. Hajabandikwa juu ya ukuta. Ametoka ndani yake. Nililia kidogo.

Kuna jambo ninalokuomba, hamali. Ningependa kukuchora wewe unayefuata, lakini kwa kukutazama, si kwa kukisia. Unaweza kunipa muda gani?

---

hamali_muthurwa

Jumanne, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, magari ya viazi yakiwa bado hayajafunguliwa. Nitasimama dakika kumi. Nikiwa na mzigo au bila?

---

mwiko_na_rangi

Bila. Nitakuja na chai.