Kabla ya kusaini ramani ya makabati: hewa, joto na umeme wa jikoni

Wandugu, salaam. Nyumba yetu ni ya matofali, ya miaka ya 1930, hapa Leicester. Tunabomoa ukuta kati ya jikoni na sebuleni, tunaacha jiko la gesi tuingie la indaksheni (la umeme, linalopasha sufuria kwa sumaku), na boila, mtambo wa kupasha maji ya nyumba, inahama kwenda kona nyingine. Muuza makabati anataka tusaini ramani wiki ijayo. Tuamue nini kwanza?
— Dada wa Leicester

Re:

Dada, usisaini bado. Ramani yake inaonyesha milango na droo, haionyeshi mvuke utatolewa nje kupitia wapi. Jiko likae kwenye ukuta wa nje au karibu nao kabisa, mengine yalizunguke hilo. Likiwekwa kisiwani katikati ya chumba, bomba la hewa lazima lipite darini, na mara nyingi maboriti yanakataa.

Kanuni za ujenzi za England, sehemu F, zinataka feni ya kutoa hewa itoe lita 30 za hewa kwa sekunde ikiwa juu ya jiko, au lita 60 ikiwa kwingine jikoni. Ile feni inayochuja hewa na kuirudisha ndani haihesabiki. Chujio lake la mkaa hupunguza harufu, mvuke wote unabaki. Ukichemsha maharage jioni nzima kwenye chumba kilichounganishwa na sebule, maji yale yanatua kwenye vioo na nyuma ya kochi lililogusa ukuta wa nje, halafu koga nyeusi inafuata.

Bomba liwe gumu, milimita 150, fupi, kona zisizidi mbili, na liinamie nje kidogo ili matone yasirudi kwenye feni. Lile la kukunjika linalobanwa nyuma ya kabati ndilo linaloua feni nyingi: kwenye boksi imeandikwa mita za ujazo 600 kwa saa, ukutani inatoka sehemu ndogo tu, na kelele juu. Likipita juu ya dari penye baridi, livishwe kihami joto. Feni ining'inie milimita 650 hadi 750 juu ya jiko, isipokuwa kijitabu chake kinasema vingine.

Hewa inayotoka lazima ibadilishwe. Acheni upenyo wa milimita 10 chini ya milango, baada ya kuweka sakafu mpya, na msizibe vile vitundu vya juu ya madirisha kwa sababu ya baridi. Na kama sebuleni kuna moto wa gesi wenye dohani au jiko la kuni, hapo pana hatari ya kweli: feni kali inaweza kuuvuta moshi urudi chumbani, pamoja na kaboni monoksidi, gesi inayoua. Fundi wa Gas Safe (daftari la mafundi gesi walioidhinishwa) aupime moto huo feni ikiwa kasi ya juu kabisa, milango na madirisha yamefungwa. Kengele ya kaboni monoksidi iwekwe vilevile.

Joto sasa. Mkibomoa ukuta mnapoteza radieta (bati la maji ya moto la kupasha chumba) iliyoning'inia hapo, huku chumba kimekuwa kikubwa. Wati zilizoandikwa kwenye katalogi hupimwa radieta ikiizidi hewa ya chumba kwa nyuzi 50. Maji yakitoka kwenye boila kwa nyuzi 55 na kurudi kwa 45, wastani ni 50; chumba kikiwa nyuzi 20, tofauti inabaki 30, na radieta ya wati 1,500 inatoa kama 770. Tangu Juni 2022, mfumo mzima ukiwekwa upya England unapaswa kupangwa kwa nyuzi 55 au chini yake, na ni faida yenu: boila hunasa joto la moshi wake pale tu maji yanaporudi yakiwa chini ya 55 hivi. Kwa hiyo nunueni radieta kubwa sasa. Mkija kuweka pampu ya joto (mashine ya umeme inayopasha maji kwa nyuzi za chini) baadaye, hamtabomoa tena.

Boila inapohama, ulizeni bomba la maji taka yake (matone ya moshi uliopoa) linapita wapi. Lipite ndani hadi kwenye mfereji. Likilazimika kutoka nje liwe fupi, milimita 32 au zaidi, limefunikwa. Lile jembamba huganda usiku wa barafu na boila inajizima.
— Fundi bomba, Reading

Re: Re:

Niongeze ya umeme. Nyumba iliyokuwa na jiko la gesi mara nyingi haina waya wa jiko. Indaksheni ya kilowati 7.2 ni ampea 31, inataka saketi yake ya ampea 32, kwa kawaida waya wa milimita 6 za mraba. Ukipita ndani ya kihami joto au mbali sana, 10. Saketi mpya lazima iwe na cheti. Mkija kuuza nyumba mtaulizwa.

Oveni ya chini ya kilowati 3 yenye plagi inatosha soketi ya kawaida, ila soketi ikae ndani ya kabati la pembeni. Ikiwa nyuma ya oveni, plagi inaizuia isiingie hadi mwisho. Mashine ya kufua na ya kukausha zisishiriki soketi pacha.
— Kaka wa Slough

Re: Re: Re:

Asanteni. Na sufuria zetu? Na friza ya nyama tunataka kuiweka gereji.
— Dada wa Leicester

Re: Re: Re: Re:

Sufuria za alumini na vyungu havitashika moto kwenye indaksheni. Bandika sumaku kwenye kitako: ikinata, itapika. Chuma cha chapati kinafaa kikiwa bapa. Karai la mviringo halifai.

Friza, soma herufi za daraja la joto la chumba kwenye kibandiko cha ndani. SN inavumilia chumba kikipoa hadi nyuzi 10, N hadi 16 tu. Friji yenye friza na kidhibiti kimoja ni mbaya zaidi gereji: Januari upande wa friji unajiona umepoa, mota haiwaki, na nyama inayeyuka huku nje kuna barafu. Tafuteni iliyoandikwa waziwazi kwamba inafaa gereji.
— Kaka wa Slough