Ramani ya zamani ya bonde la Cuyama: hivi viduara ni nini?

mpenda_ramani
Wakuu habari. Nimedaunlodi ramani mbili za bonde la Cuyama, California, zile za bure za USGS, shirika la serikali ya Marekani linalochora ramani. Ya zamani ni skeli 1:62,500, humo ni ranchi, vinu vya upepo na mto umechorwa bluu ya kukatika-katika, basi. Ya pili ni 1:24,000, ghafla kuna mji mzima, New Cuyama, una mitaa na uwanja wa ndege, na kusini yake viduara kibao kama mtu kamwaga mtama. Halafu ile miraba ya kupima ardhi, ya maili moja moja, inakuja vizuri, ikifika katikati ya bonde inapotea. Ramani mbovu au macho yangu?

kontua40
Macho yako mazima mkuu. Kiduara cheusi kitupu ni kisima cha mafuta, kikijazwa weusi mara nyingi ni tangi, cha bluu ni kisima cha maji. Mafuta yalipatikana Russell Ranch 1948, mwaka uliofuata South Cuyama, kampuni ya Richfield ikajenga huo mji wafanyakazi wapate pa kulala. Yaani mchoraji wa kwanza hakuusahau, haukuwepo!

Mzee wa Dira
Kuhusu miraba kupotea, hapo ni maeneo ya rancho, ardhi waliyopewa watu enzi California iko chini ya Mexico, rancho moja ya Cuyama ilitolewa 1843 na nyingine 1846, sasa Wamarekani walivyokuja kupima wakakuta mipaka ya watu ishatangulia ikabidi miraba yao iishie pale. Fuata huo mpaka, utaona unakatiza popote bila kujali miraba. Mi hapo ndo napapenda kuliko hata visima.

mpenda_ramani
Aisee asanteni. Na rangi ya zambarau? Halafu nikiiweka juu ya picha za setilaiti barabara ya 166 inakaa pembeni.

kontua40
Zambarau ni nyongeza za baadaye, wamezitoa kwenye picha za ndege bila kwenda kuhakiki saiti, kwahiyo usiziamini kama nyeusi. Kuhama ni datamu, yaani msingi wa kuhesabia latitudo na longitudo, ramani iko kwenye ule wa zamani NAD27 na setilaiti ni WGS84 ya kisasa, kwa California tofauti inakaribia mita 100. Badilisha kwenye programu.

mpenda_ramani
Imekaa! Kumbe kisima nilichodhani kipo katikati ya lami kiko shambani 😂