Farasi ana manyoya marefu miguuni, anajikuna mpaka damu. Nitumie dawa gani?

saisi_usariver
Wakuu habari za jioni. Mi ni saisi huku Usa River, kwa bosi mmoja ana farasi sita, watano wa kawaida na mmoja mnene mchanganyiko wa Friesian (Friesian ya farasi, sio ya ng'ombe), huyo ana manyoya kuanzia chini ya goti mpaka yanafunika kwato, utadhani kavaa bugaluu. Ndo anakodishwaga kwenye maharusi, watu wa Moshi wanampenda balaa.

Sasa toka mwezi wa tano mvua zinaishia ishia kaanza kupigapiga miguu ya nyuma chini usiku kucha, mlinzi kila saa anatoka na tochi anajua kuna mtu bandani. Mchana anasugua mguu kwa mguu, ama anainama anajing'ata hapo nyuma juu ya kwato. Jumamosi tulikuwa na harusi, bwana harusi yuko juu na suti yake, matarumbeta yanalia, farasi huyo akasimama katikati ya barabara akaanza kujitafuna mguu, bwana harusi kakumbatia shingo kwa mikono miwili, watu hoi kwa kucheka. Bosi hakucheka.

Nikipitisha vidole ndani ya manyoya nakutana na vigaga vigumu kama uji uliokaukia sufuriani, ukikibandua kinakuja na nywele zake na chini panabaki pekundu pabichi, na harufu ipo. Nimeosha na sabuni ya unga, nimeosha na maji ya chumvi, wapi. Jamaa wa duka la dawa za mifugo kaniuzia dawa ya kuogeshea ng'ombe, kasema kupe, chawa, utitiri vyote chali. Chupa ninayo hapa ila sijafungua maana lebo ina ng'ombe, mbuzi na nguruwe, farasi simuoni. Nimpake au nisimpake?

kishumundu_boy
Oili chafu ya gari mkuu. Babu yangu alikuwa anawapaka mbwa, wiki moja tu upele kwisha.

mama_punda_himo
Wewe kishumundu usimpoteze mwenzio. Oili chafu nishaipaka punda wangu mwaka juzi kwa ushauri wa watu kama nyie, ngozi ikababuka na jua lile la Himo, nikauguza vidonda miezi miwili, na punda kazi hafanyi na mahindi anakula. Mwanangu saisi, hiyo chupa usiifungue kwanza, tusomee hapo kwa maandishi madogo dawa yenyewe inaitwaje, sio jina kubwa la mbele.

saisi_usariver
Asante mama. Imeandikwa amitrazi asilimia 12.5.

dokta_wa_ng'ombe
Mkuu umeokoa farasi kwa kusoma picha, kuna watu hata hiyo hawaangalii. Amitrazi kwa ng'ombe ni dawa nzuri sana ya kupe, ila kwa farasi HAPANA. Inalaza utumbo, chakula kinaacha kutembea, kinajazana kwenye utumbo mpana, farasi anapata koliki, yaani maumivu makali ya tumbo, na anaweza kufa, na si lazima ainywe, hata ya kuogeshwa inamdhuru. Irudishe dukani na umwelimishe huyo jamaa kwa upole, maana kesho atamuuzia mwingine.

Kwa maelezo yako nawafikiria zaidi utitiri wa miguu, kitaalamu Chorioptes, wanaowapata sana farasi wenye manyoya miguuni, wale Shire, Clydesdale, Friesian na machotara wao. Hawa hawachimbi ndani ya ngozi kama wale wa upele wa binadamu, wanakaa juu juu humo kwenye manyoya kwenye joto na unyevu wanakula magamba ya ngozi. Na wanazidi msimu wa baridi, kwa hiyo Juni na Julai zetu hizi ndo sikukuu yao. Ila usiamini macho yangu ya mtandaoni, kwenye matope wapo pia bakteria wanaoleta vigaga vinavyofanana kabisa na hivyo, na mara nyingi wanakuwepo wote wawili. Daktari akwangue ngozi au abandike selotepu apeleke kwenye darubini, hapo Arusha maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, ipo. Ukitaka kujiridhisha mwenyewe chana manyoya juu ya karatasi nyeusi, angalia kwa lensi kwenye mwanga kama kuna vumbi linalotembea.

Matibabu sasa. Manyoya yanyolewe. Najua bosi atagoma, lakini ukipaka dawa juu ya manyoya ya vile ni sawa na kupiga dawa ya mbu nje ya neti. Vigaga usibandue vikavu, vilowanishe vilainike vitoke vyenyewe. Halafu shampuu yenye seleniamu salfaidi, ndo hiyo hiyo ya mba ya watu, sugua mpaka ifike kwenye ngozi, iache dakika 10, suuza, kausha kwa taulo. Kuna waliojaribu mara 3 kwa kupishana siku 5 ikafanya kazi. Oshea saa sita mchana jua likiwepo, usimwache na miguu mibichi kwenye baridi ya jioni.

saisi_usariver
Dokta na ile sindano ya ivermektini ya ng'ombe? Tunayo kwenye friji.

dokta_wa_ng'ombe
Usimdunge. Ile imetengenezewa ng'ombe, kwa farasi ikipigwa kwenye nyama inaweza kuleta uvimbe mbaya wenye bakteria hatari, ya farasi ni pesti, dawa laini kama ya meno, anapewa mdomoni. Na hata hiyo pesti peke yake kwa hawa wa juu ya ngozi haiwafikii vizuri, inapunguza tu. Kuna madaktari wanatumia doramektini ya sindano mara mbili kwa kupishana wiki mbili, wengine wanapulizia fipronili miguuni, ila zote hizo kwa farasi ni nje ya maelekezo ya lebo, kwa hiyo aamue daktari aliyemuona na kumpima uzito, sio mimi na wewe humu.

mzee_wa_ngurdoto
Nimefanya kazi Uingereza kwenye mabanda ya farasi miaka kadhaa kabla sijarudi kulima parachichi, nikuambie kule kila mwenye kobu (farasi mfupi mnene) mwenye manyoya anaujua huu ugomvi. Wana dawa yao ya asili, mafuta meupe wanayoyaita mafuta ya nguruwe (siku hizi wala sio ya nguruwe, ni mafuta ya madini yasiyo na harufu) wanachanganya na unga wa salfa, wanapaka manyoya yote. Salfa hata huku unaipata, si ndo wanayopulizia mikorosho kusini. Lakini kuna farasi ngozi yao inaikataa, jaribu kwanza kwenye mguu wake sehemu ndogo kama kiganja usubiri siku moja. Na kama miguu yake ni myeupe yenye ngozi ya pinki usipake ukamuanika juani, atababuka kama punda wa mama wa Himo.

Kitu wengi wanasahau ni banda. Toa maranda yote choma, piga fagio mpaka kwenye nyufa, brashi za huyo zisiguse wengine, maana hao wadudu wanakaa wiki kadhaa nje ya farasi bila shida. Na hao watano wengine nao waoshwe hata kama hawajikuni. Ukimtibu mmoja atarudishiwa na wenzake. Ng'ombe wakilala jirani nao waangalie.

Halafu shika mguu wenyewe ukishanyoa. Ukikuta umevimba haurudi, ngozi imejikunja mikunjo mikunjo na vinundu, huo ni ugonjwa mwingine wa maji kutuama mguuni, haponi ila unamtunza, na utitiri unauchochea.

mama_punda_himo
Bosi akikataa kunyoa mwambie manyoya yanaota, bwana harusi akidondoka haoti.

saisi_usariver
😂😂 Mama nimemwambia hivyo hivyo neno kwa neno, kakaa kimya kama dakika mbili halafu kasema nyoa.

Mrejesho wakuu, leo siku ya 11. Daktari alikuja akakwangua, majibu utitiri kweli, na bakteria kidogo, kampa dawa yake na kasema mikunjo hana, asante Mungu. Kunyoa kumechukua asubuhi nzima, mashine ilikuwa inapata moto tunapumzika, manyoya yalijaa kiroba cha kilo 25, nimechoma na maranda yote, moshi wake jirani kaja kuuliza tunachoma nini. Chini ya manyoya palikuwa na utando wa kijivu kama majivu na mafuta, yaani sikujua kama kulikuwa na hali ile na mi namchana kila siku. Hao watano nao nimewaosha, mmoja kanipiga teke la paja.

Sasa hivi ana miguu kama kuku aliyenyonyolewa, kuna mteja wa harusi ya Agosti kaona picha kaahirisha, bosi kanuna. Ila vigaga vipya sijaviona, kesho namuosha mara ya tatu. Jana saa tisa usiku niliamka kwenda kumwangalia, nikamkuta mlinzi kalala fofofo, tochi imewaka kifuani.